Bendera Ndani ya Tanuri

Aarhus, 14 Septemba 1986

Baba mpendwa,

Nimefika salama na chumba nimekipata. Kiko juu kabisa, chini ya paa, na nikisimama ghafla nagonga kichwa. Mwenye nyumba, Bi Agnete, ni mjane mwenye roho nzuri anayeamini kwamba sisi tunaoishi kusini mwa mpaka hatujawahi kuona maji ya moto. Ameshanifundisha kufungua bomba mara mbili.

Masomo yameanza. Jina la kozi yangu ni refu: jamii, historia na utambulisho wa taifa la Denmaki. Darasa letu ni dogo na mimi peke yangu ndiye niliyekuja na pasipoti ya Ujerumani. Siku ya kwanza mwenzangu mmoja, Preben, mtoto wa wafuga nguruwe wa Skive, alinisikiliza nikijitambulisha kisha akasema, "Wewe unaongea kama mchungaji anayehubiri redioni."

"Ndivyo tunavyofundishwa shuleni kwetu," nikasema.

"Kwenu wapi?"

"Harnby, karibu na Flensburg."

"Sasa huko si Ujerumani?"

"Ni Ujerumani. Mimi ni Mdenmaki."

"Hiyo inawezekanaje?"

"Njoo umuulize baba yangu," nikamwambia. "Ni mwalimu mkuu wa shule ya Kidenmaki pale kijijini. Ukitoka hapo utakuwa unaimba nyimbo za Kidenmaki."

Wakacheka wote, lakini tangu siku ile naitwa "Mjerumani wetu". Nyumbani, watoto wa Kijerumani walikuwa wakiniita Mdenmaki kama vile ni ugonjwa. Nimevuka mpaka na nimekuwa Mjerumani. Nilicheka nao, Baba, ila nilipofika chumbani sikucheka.

Lakini sikiliza habari njema. Mwalimu wetu, Bi Rigmor Thestrup, aliuliza darasani: "Ukoo wenu ulianzaje kuwa Wadenmaki?" Preben akasema, "Tulizaliwa tu." Hawajawahi kujiuliza! Nikanyoosha mkono. Nikawasimulia jinsi baba yake Babu, mzee Nis Lorenzen, alivyoificha bendera ya Denmaki ndani ya tanuri la mikate miaka yote baada ya Waprusia wa Ujerumani kuichukua nchi yetu kutoka kwa Denmaki, polisi wakija kupekua na yeye amekaa mbele ya tanuri anavuta kiko, na paka mapajani. Nilisimulia kama unavyosimulia wewe kila mwaka shuleni. Hakuna aliyekohoa. Bi Thestrup akasema hiyo ndiyo iwe insha yangu kubwa ya mwaka.

Kwa hiyo nahitaji mengi zaidi. Preben ameuliza kama bendera ilikuwa tanurini, mikate walikuwa wanaoka wapi?

Binti yako,
Gyde


Harnby, 25 Septemba 1986

Binti yangu,

Barua yako ilifika Jumatano. Nakurudishia nakala yake humu ndani nikiwa nimeweka masahihisho kwa wino mwekundu. Ni alama za mkato tu, lakini mtu wa chuo kikuu asizitupe tupe kama anayelisha kuku.

Mwaka wa shule umeanza vizuri. Watoto wa darasa la kwanza ni wengi kuliko mwaka jana na wawili kati yao hawajui hata neno moja la Kidenmaki. Watajua kabla ya Krismasi. Bibi yako anaumwa mguu na anakataa kuonana na daktari.

Kuhusu bendera, sina la kuongeza juu ya yale ninayosimulia. Mwambie huyo kijana wa Skive kwamba zamani nyumba ziliweza kuwa na matanuri mawili. Na usimsumbue Bibi kwa maswali haya. Anachoka.

Kuna jambo jingine. Mkutano wetu wa mwaka, wa Wadenmaki wote wa mpakani, mwezi Juni utafanyika hapa Harnby. Mwenyekiti, Bi Bothilde Thygesen, anataka msemaji kijana, na amekutaja wewe. Watakuja watu wa vijiji vyote, na bendi. Nimemwambia utasimulia habari ya tanuri. Sina haja ya kukueleza maana yake kwangu.

Baba yako,
Asmus Lorenzen


Aarhus, 9 Oktoba 1986

Bibi yangu kipenzi,

Baba amesema nisikusumbue. Kwa hiyo nakusumbua.

Kwanza, nenda kwa daktari. Pili, nataka unisimulie habari za bendera, ile ya tanurini. Wewe uliolewa katika ukoo huu, lazima Babu Johannes alikuonyesha mahali lilipokuwa tanuri. Lilikuwa upande gani wa nyumba? Bendera ilikuwa kubwa kiasi gani? Ilitolewa nje lini? Nitaisimulia Juni mbele ya watu wote na sitaki kubabaika.

Niandikie kwa lugha yoyote utakayo. Hapa hakuna hata mtu mmoja wa kuongea naye Kiplati chetu cha nyumbani, na nimegundua kwamba naota kwa Kiplati.

Mjukuu wako,
Gyde


Harnby, 20 Oktoba 1986

Mjukuu wangu Gyde,

Bendera gani? Tanuri gani?

Nimesoma barua yako, kisha nikavaa miwani nikaisoma tena. Nakuandikia kwa Kiplati, Kijerumani chetu cha jikoni, maana Kidenmaki changu ni cha kuongelea na cha kanisani, hakijui kuandika.

Mimi shuleni kwenu siendi kusikiliza hotuba, naenda kunywa kahawa, kwa hiyo sijui baba yako anawasimulia nini. Lakini baba mkwe wangu Nis nilimjua vizuri sana. Juu ya kochi lake ilitundikwa picha ya Kaisari wa Ujerumani, na Kaisari alipokimbia nchi mzee alilia siku nzima na akakataa kula kabichi. Angeona bendera ya Denmaki ndani ya nyumba yake angeikatakata akafanya matambara. Sisi tulikuwa Wajerumani, mwanangu. Nani alikuambia vingine?

Tulianza kuwa Wadenmaki ile baridi kali ya baada ya vita. Babu yako alikuwa mateka Urusi na sikujua kama yu hai. Nyumbani mwangu serikali ilikuwa imewapanga wakimbizi kutoka mashariki, jikoni tunapeana zamu ya jiko, na jiko lenyewe halina cha kupika. Baba yako alikuwa na miaka saba, bado ana nguvu za kulalamika. Lakini Anke, shangazi yako huyo huyo anayeuza maua Kiel na sauti yake kama tarumbeta, alikuwa na miaka mitatu na alikuwa ameacha kutembea. Alikuwa akijua kutembea. Akaacha.

Ndipo akaja mwuguzi kutoka Denmaki, Bi Kjerstine, na baiskeli na koti la buluu. Chama cha Wadenmaki kilikuwa kinagawa chakula kwa watu wake. Akamwinua Anke, akamrudisha kitandani, akaniuliza, "Mama, unajisikia kuwa Mdenmaki?"

Nikamwambia, "Najisikia njaa."

Akacheka, halafu machozi yakamtoka, halafu akasema, "Hiyo inatosha kuanzia."

Kesho yake ikaja nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, na shayiri, na maziwa ya unga. Majirani wakatuita Wadenmaki wa nguruwe. Aibu niliiona baadaye, Anke alipoanza kukimbia. Kabla ya hapo sikuwa na nafasi.

Baba yako anayajua yote haya. Yeye ndiye aliyekuwa akila.

Mguu hauna neno.

Bibi Thea


Aarhus, 3 Novemba 1986

Baba,

Nimepata barua ya Bibi. Ulisema nisimsumbue, na sasa najua sababu.

Nilisimama mbele ya darasa zima nikajigamba kwa kitu ambacho hakikuwahi kutokea. Nilimwambia mwalimu wangu. Nilipokuwa mdogo na watoto wa duka la mikate walipokuwa wakinitupia theluji na kuniita nguruwe, nilikuwa najiambia kimoyomoyo: ninyi hamjui, sisi tulificha bendera. Nililala nikiwaza bendera ile. Kumbe walikuwa wakitusema sisi kweli, Baba. Walikuwa wanasema kweli.

Kwa nini hukutosheka na ile ya Bibi? Ile ya Bibi ni nzuri zaidi! Mwanamke anasema "Najisikia njaa". Mimi ningeisimulia hiyo popote. Lakini wewe unasimama kila mwaka mbele ya watoto, mwalimu mkuu, na koti lako la Jumapili, unawapa paka na kiko.

Sitaisimulia hiyo habari Juni. Nikisimama, nitasema ukweli. Niambie kama bado unataka nije.

Gyde


Harnby, 12 Novemba 1986

Gyde,

Mwaka 1955 serikali mbili zilitangaza kwamba kila mtu katika nchi yetu hii ya mpakani yuko huru kusema yeye ni Mdenmaki au ni Mjerumani, na hakuna ofisa wala polisi anayeruhusiwa kumhoji ni kwa nini. Nimelifundisha jambo hilo kwa maisha yangu yote ya kazi. Sikutegemea kwamba wa kwanza kunihoji atakuwa binti yangu.

Nitamwambia Bi Thygesen atafute msemaji mwingine.

A. Lorenzen


Aarhus, 11 Januari 1987

Bibi,

Ahsante kwa soksi na keki. Bi Agnete ameila nusu na anasema kumbe Wajerumani wanajua kuoka. Nimeacha kumsahihisha.

Najua ulikasirika kwamba sikuja Krismasi. Niliwaandikia kwamba nina mitihani. Sikuwa na mitihani. Nilikaa hapa na theluji, nikala supu ya njegere, na usiku wa Krismasi nikaenda kwa kina Preben huko Skive. Baba yake alinipakulia nyama ya nguruwe mpaka ikanijaa machoni, Preben akasema, "Kula, si ndivyo mlivyosajiliwa?" Nilikuwa nimemwambia yote. Nilimtupia kijiko. Halafu nikacheka kwa mara ya kwanza tangu Novemba.

Nilimwambia na Bi Thestrup pia, kwamba habari ya tanuri ni ya kubuni. Nilifikiri atanifukuza. Alivua miwani akasema, "Vizuri, sasa ndiyo una insha. Wakati wa njaa maelfu ya watu walijiunga namna hiyo. Chakula kilipopatikana tena madukani, wengi wao wakarudia kuwa Wajerumani kimyakimya. Wenu walibaki. Kwa nini?"

Nakuuliza wewe, Bibi. Ni wewe mwenye jibu. Nyama ilipokwisha, kwa nini mlibaki? Na Babu je, aliporudi kutoka Urusi akakuta nyumba yake imegeuka ya Kidenmaki, alisema nini? Alifariki nikiwa na miaka miwili, na kila nilipomuuliza Baba habari zake alisema tu, "Alikuwa mtu wa kimya. Vita." Halafu anachukua daftari za wanafunzi.

Baba hajaniandikia. Mimi pia sijamwandikia.

Gyde


Harnby, 2 Februari 1987

Mjukuu wangu,

Daktari nimemwona, ni kijana kama wewe, ana mikono baridi. Amenipa dawa ya kupaka inayonuka kama farasi. Baba yako anashinda shuleni mpaka jioni na akirudi anasahihisha. Nadhani akikosa cha kusahihisha atasahihisha gazeti.

Umeuliza la babu yako. Nimekaa nalo kwa siku kadhaa.

Johannes alirudi vuli ya mwaka 1949. Aliingia kwa mlango wa jikoni, amekonda, masikio makubwa. Anke akakimbia akajificha nyuma yangu. Tukakaa mezani. Johannes akamwambia baba yako kwa Kiplati, "Asmus, nipe mkate." Mtoto akampa mkate, akasema kwa Kidenmaki, "Karibu, Baba." Shuleni walifundishwa hivyo, kwamba Mdenmaki wa kweli anaongea Kidenmaki na mezani pia. Alikuwa na miaka kumi na alitaka kufanya sawasawa. Johannes akamtazama, akanitazama mimi. Akauliza, "Anasema nini?"

Yaani mtu ametembea kutoka Urusi, na anahitaji mkalimani ili aongee na mwanawe.

Alitaka kuwatoa watoto shuleni siku ya pili yake. Nikakataa. Ni mara moja tu maishani nilimkatalia kitu, nikakataa mpaka mwisho. Nikamwambia, "Wewe hukuwapo. Si kosa lako, lakini hukuwapo. Alikuwapo Bi Kjerstine." Maana si nyama, Gyde. Mwalimu wako muulize kama amewahi kuona mtu anajifunza lugha yako ili akuulize umelalaje. Yule mwanamke alijifunza Kiplati kwangu, jikoni, huku akimnyoosha Anke miguu. Aliposema vibaya tulicheka mpaka wakimbizi wanakuja kuuliza kuna nini. Sikuwa nimecheka miaka. Kisha ningewezaje kumwambia, ahsante, tumeshiba, kwaheri?

Kwa hiyo tulibaki. Johannes hakuingia katika shule ile hata siku moja. Alikula, alifanya kazi, bandani kwake alichonga viatu vya mti. Mezani watoto waliongea lugha yao na mimi nikaongea nao, naye alikula. Mpaka anafariki hakunisema kwa jambo lile. Ningependa angenisema.

Sasa umejua. Mwandikie baba yako.

Bibi Thea


Aarhus, 16 Machi 1987

Baba,

Humu ndani kuna insha yangu. Imetoka tu kwenye mashine ya kuchapa. Bi Thestrup ataisoma mwezi ujao, lakini nilitaka uisome wewe kwanza. Imesimulia baridi ile, na Bi Kjerstine, na Babu mezani. Majina nimeyabadilisha.

Sikuhoji tena. Novemba niliandika kwa hasira na ungekuwa na haki ya kuichoma barua ile. Nakuomba jambo moja tu: isahihishe. Najua alama za mkato nimezitupa tupe.

Gyde


Harnby, 29 Machi 1987

Binti yangu,

Nimeisoma. Nimeisoma tena Jumapili baada ya kanisa. Alama za mkato ni mbaya, hasa ukurasa wa nne. Mengine ni mazuri, na nilipofika kwa Bi Kjerstine na baiskeli yake niliinuka nikaenda kufunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa.

Sentensi moja nimeikata kwa wino mwekundu. Umeandika: "Babu hakuikubali kamwe shule ile, na alifariki akiwa hajaikubali." Hiyo si kweli. Kwa kuwa mimi ndiye peke yangu ninayejua kwamba si kweli, inanibidi nikueleze.

Shuleni tulikuwa wa aina mbili. Kulikuwa na watoto wa Wadenmaki wa tangu zamani, walioshikilia hata ilipokuwa hatari, na kulikuwa na sisi. Masika ya mwaka 1950, uwanjani, msichana mmoja wa darasa la juu alisema mbele ya wote, "Sisi ni Wadenmaki wa damu. Ninyi ni Wadenmaki wa nguruwe." Nikampiga. Kaka zake wakanipiga mimi. Msichana huyo ni Bothilde Thygesen, mwenyekiti wetu wa leo, naye amekuwa rafiki yangu kwa miaka thelathini, kwa hiyo hilo usiliandike.

Nilirudi nyumbani na suruali imechanika. Sikutaka Mama anione, nikaingia bandani. Baba yangu alikuwa mle, anachonga kiatu. Tangu arudi tulikuwa hatujaongea, si maongezi ya kweli. Akaniuliza kwa Kiplati:

"Wamekuita nini?"

Nikamjibu kwa Kiplati. Ilikuwa mara ya kwanza. "Wamesema sisi ni wa nguruwe. Hatuna chochote cha zamani."

Aliendelea kuchonga. Nilifikiri atasema, basi toka katika shule hiyo, nilikuambia. Ningetoka. Siku ile angeniambia neno moja tu, ningetoka, na mimi na wewe tungekuwa Wajerumani leo.

Akasema, "Waambie babu yako Nis alificha bendera ya Denmaki ndani ya tanuri."

"Lakini si kweli," nikasema.

"Na ya kwao, wewe uliiona?"

Nikasema sikuiona.

"Basi. Waambie polisi walikuja kupekua, naye amekaa mbele ya tanuri anavuta kiko." Akafikiri. "Weka na paka. Watu wanaamini kukiwa na paka."

Nikacheka. Na yeye akacheka, Gyde. Alikuwa amepungukiwa meno, sikuwa nimeyaona mapengo hayo. Halafu akaweka kisu chini akasema, "Mama yako usimwambie. Atadhani nimeshindwa." Nikaahidi.

Nilisimulia kesho yake na hakuna aliyeniita nguruwe tena. Baada ya hapo, nikiingia bandani aliuliza, "Bendera inaendeleaje?" na akaniongezea kipande. Yule polisi mwenye kikohozi, unayemsikia kila mwaka shuleni, ni wake. Mtu yule, aliyeichukia shule ile, alikaa jioni nyingi akitunga namna ya kunisaidia nibaki ndani yake. Sijui jina jingine la kitu hicho.

Huwa sijikwezi, ninaposimama mbele ya watoto na koti langu la Jumapili. Nakuwa nimeketi bandani. Lakini wewe ungejuaje?

Ahadi niliitoa mimi. Wewe hukumwahidi mtu kitu. Msemaji mwingine Bi Thygesen hajampata, kwa sababu sikuwahi kumwambia atafute. Juni sema utakalo. Bibi yako atakuwa kwenye kiti cha mbele, kwa sababu ya mguu.

Baba yako,
Asmus


Harnby, 17 Juni 1987

Mjukuu wangu Gyde,

Uliondoka mbio kukimbilia treni na mtihani wako, hukuona yaliyofuata. Nakuandikia ujue, maana baba yako atakuandikia kwamba mkutano ulikwenda vizuri na bendi ilikuwa safi, basi.

Ulipomaliza kusema walipiga makofi, hilo ulilisikia. Hukusikia waliokaa nyuma. Mama mmoja wa Husby alisimama akasema kwa sauti, "Na sisi tulikuwa wa nguruwe!" Halafu mzee mmoja akasema, "Sisi wa viatu. Walitupa viatu." Ikawa kila mtu anasema alichopewa, mmoja siagi, mmoja koti la mtoto, wanacheka kama walevi, na hapo walikuwa bado wanakunywa chai na kahawa tu.

Bothilde Thygesen akaja kwetu na fimbo yake na mkufu wake wa uenyekiti. Baba yako akasimama wima kama mtoto aliyeitwa ofisini. Bothilde akasema, "Asmus, ile nyumba yenu ilijengwa nikiwa sijazaliwa bado lakini mama yangu aliiona ikijengwa. Haijawahi kuwa na tanuri la mikate. Mkate mlikuwa mnanunua dukani kwa Matzen."

"Ulijua?" baba yako akauliza.

"Tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unaisimulia vizuri," akasema. "Na nilikuwa nimekuchania suruali." Akamwomba amletee kipande cha keki, chenye krimu, na baba yako akaenda kukileta.

Mimi je? Nilikuwa nimekaa pale mbele na sikupiga makofi. Labda uliona ukadhani nimekasirika. Ulipofika bandani, uliposema "Mama yako usimwambie, atadhani nimeshindwa", nilisikia kabisa sauti ya Johannes. Si wewe. Yeye. Hivyo hivyo angesema. Miaka kumi na minane nililala kando ya mtu yule nikidhani analala amenigeuzia mgongo kwa sababu ya shule. Kumbe bandani alikuwa anamlisha mtoto wangu paka na polisi. Nilikuwa napeleka kahawa mle kila jioni, nao wananyamaza nikiingia. Nilidhani wananyamaza kwa sababu hawana la kuambiana.

Nilikaa na hasira siku mbili, usidhani sikukasirika. Angeniambia! Ningemcheka, kweli, ningemcheka vibaya sana, halafu tungekuwa sawa. Nimemwambia hivyo huko aliko, kwa sauti, jikoni, mlango umefungwa. Sasa hasira imekwisha.

Jumapili baba yako alikuja kula. Nikamwambia, "Nisimulie wewe. Gyde alisimulia kwa Kidenmaki, mimi nataka kwa maneno ya baba yako mwenyewe." Asmus akakohoa, akashika leso. Unajua ni miaka mingapi hajaongea Kiplati na mtu? Hata na mimi ananijibu kwa Kidenmaki. Alianza kwa shida, anatafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, kisha yakaja. Na anamwiga vizuri! Sikujua anaweza kumwiga. Alipofika kwenye yale meno nilimwambia angoje kidogo.

Leo asubuhi kapita kabla ya shule, ameleta mkate. Amekuta nimeshaweka kahawa. Akasema, "Mama, nitachelewa, watoto wananingoja."

Nikamwambia watoto wataimba wimbo mmoja wakati wanamngoja. Akae, aanze tena pale alipoingia bandani, na asiruke kitu.

Bibi Thea